Kidole cha Mpiga Nzumari

Likoni,
7 Julai, 1963

Kimeshonwa, Tumu! Kidole cha Chirau kilikatwa na msumeno, kikashonwa, na saa hii ninapokuandikia kimo mkononi mwake, pale pale alipokiweka Mungu!

Nisamehe, hata salamu nimeziruka. Marahaba, mdogo wangu, maana najua umeshaniamkia kabla hujaichana bahasha. U hali gani? Shemeji Abdurahman na watoto wa Tanga hawajambo? Sisi sote wazima, na huyo Chirau pia ni mzima ukikiacha kidole. Nimeshukia hapa Likoni kwa wifi yangu Chiku, niwe karibu na hospitali. Dada yake Mwanarusi nimemwacha Msambweni aangalie nyumba na kuku. Usiucheke mwandiko, naandikia juu ya sinia.

Sasa sikiliza. Jumatano Chirau alikuwa kwenye karakana ya useremala kule Diani, wanakotengeneza vitanda vya hoteli ya Wazungu. Ubao ukaruka, msumeno wa mashine ukamfuata kidole cha shahada, cha mkono wa kulia, kile akiinuacho kwenye tahiyatu. Ncha yote, kuanzia katikati ya ukucha, ikabaki inaning'inia kwa kigozi chembamba kama ganda la kitunguu. Mwenzake Dzombo akamfunga kwa kitambaa, wakadandia lori la nazi mpaka kivukoni. Na unamjua mwanangu. Hata juu ya feri, damu inamchuruzika, anamwambia mwenzake, "Dzombo, kishike vizuri hicho. Kikianguka majini tutasikia samaki wanapiga nzumari." Dzombo aniambia yeye alikuwa akilia, mwenye kidole anacheka. Mtoto wa nani huyo? Wangu.

Hospitalini daktari alitaka kuikata tu ile ncha amalize. Chirau akamwambia, "Daktari, mimi ni mpiga nzumari." Daktari hajui nzumari ni nini. Basi mwanangu akavimbisha mashavu, akampigia kwa mdomo mtupu, vidole vya kushoto vikicheza hewani, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakapiga makofi. Daktari akavuta kiti, akaitisha sindano ndogo kabisa, akashona. Nakwambia Kwale nzima hakijawahi kuonekana kidole kama hiki. Watu watakuja kukitazama.

Ila Ijumaa kilitutia hofu. Kilivimba kikawa cheusi chekundu, kama zambarau iliyoiva. Daktari akasema damu inaingia lakini njia ya kutokea hakuna, zile njia zake zilikatwa na msumeno na mpya hazijaota. Akautoa ukucha uliobaki, na sasa nesi, msichana mmoja aitwaye Kadzo, anakaa anapafuta kwa pamba na maji ya vuguvugu ya chumvi, damu isigande, itiririke kidogo kidogo. Mkono umewekwa juu ya mito. Nilipoiona damu ya mwanangu inaachiwa idondoke kwa makusudi, nilisimama.

"Wewe binti, unamfanya nini mwanangu?"

"Mama, kaa. Hii ikikaa ndani ndiyo itakayokiua kidole. Ikitoka, mpya inapata pa kuingia."

Nikakaa. Lakini daktari amesema wazi, kidole hakijapona. Kikifa, atakikata mpaka kwenye kiungo. Na wewe unajua, Tumu, tundu la juu la nzumari ya Baba linafunikwa na kidole gani.

Daktari aliniuliza, "Mwanao anavuta sigara?" Alisema sigara inafunga damu. Nikamjibu kichwa kikiwa juu: tangu nimzae, Chirau hajatia sigara mdomoni. Akanisifu.

Tuombee dua.

Dada yako,
Bimkubwa


Tanga,
11 Julai, 1963

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana kwa mkono wa dereva wa basi. Abdurahman hajambo, bado yuko bandarini, anakusalimu. Mtoto wetu wa mwisho ameng'oa jino la kwanza na analionyesha kila mpita njia, nadhani amekurithi wewe.

Nilipofika pale pa tundu la juu la nzumari, niliiweka barua chini. Nilimwona Baba waziwazi. Namwona amekaa kwenye kile kigoda kule Kinondo, mashavu yamejaa, macho ameyafumba, na sisi wawili nyuma yake tumemshikia kanzu isikokote mchangani. Unakumbuka watu wa Galu walivyokuwa wakija kwa miguu wakiisikia tu? Mama akisema, "Haya, baba yenu ameshaniletea wageni na unga umekwisha." Na wote walikula. Sijui ule unga ulikuwa ukitoka wapi.

Alipompa Chirau ile nzumari, mimi nilikuwa nimeshaolewa huku. Sikuuona mkono wake ukimpa. Kwa hiyo, Dada, nieleze kila kitu kuhusu huyo mtoto. Analala vipi, kidole kina rangi gani asubuhi na jioni, anakula nini, nani anakuja kumwona. Ukiniandikia kidogo nitajaza mwenyewe, na mimi nikijaza najaza mabaya.

Mdogo wako,
Tumu


Likoni,
16 Julai, 1963

Kwa mdogo wangu Tumu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari ya jino. Kweli huyo ni wa kwetu. Mwanarusi anakuamkia, na nikudokeze, watu wa Funzi wameleta maneno kuhusu yeye, kwa ajili ya kijana wao mmoja aitwaye Salimu. Nimewaambia wangoje, kwanza nimalize na kidole.

Umeniambia nieleze kila kitu, naeleza. Ule uvimbe umepungua. Zambarau imeondoka, na Kadzo hafuti tena kila mara. Daktari alikuwa akitabasamu. Lakini sasa limezuka jingine, tena kinyume chake. Asubuhi ncha ni ya waridi, nzuri, ina joto. Jioni, baada ya saa ya kuwaona wagonjwa, inakuwa nyeupe kama chaki, na baridi. Daktari asema sasa damu haiingii, mishipa inajikaza. Wameushusha mkono kutoka kwenye mito, wamemfunika blanketi, wamefunga dirisha kwa sababu ya baridi hii ya kusi, hakuna faida. Saa nne za usiku rangi inarudi kidogo, kesho yake jioni tena chaki.

Mimi nimeshajua ni nini. Ni macho ya watu, Tumu! Watu wa Diani walikuwa wakimiminika, huyu "Alaa, kimeshikana!", yule "Hebu nikione!" Hawasemi hata mashallah. Nimewakataza wote. Nimemwambia Dzombo asimame mlangoni na awaambie mgonjwa amelala. Dzombo mwenyewe nimemkataza. Wifi Chiku akanuna, nikasema anune. Tangu Ijumaa hakanyagi mtu pale isipokuwa mimi mamake.

Na bado kinakuwa cheupe. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Hayo macho yanapita wapi?

Chakula anakula changu, si kile chao cha kuchemsha. Namchukulia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Na tambuu, maana mpiga nzumari bila tambuu mdomo unamkauka. Mwanarusi ananitumia majani kwa basi, kutoka mtambuu wangu mwenyewe, na mimi nazifunga hapa kwa mkono wangu, kwa popoo, chokaa, na kipande cha ile tumbaku kali ya Vanga, nazibana kwa karafuu. Huwa anatafuna akishamaliza kula, mimi nimekaa, tunazungumza. Hata mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba. Kadzo akatucheka, "Mama, mdomo wa mwanao ni mwekundu kuliko kidole." Hajui kitu kizuri yule.

Daktari amesema Jumatatu. Ikiwa mpaka Jumatatu jioni bado kinageuka cheupe, atakata, maana nyama itaanza kuoza na kuharibu mkono. Chirau alimsikia. Hakufanya mzaha wowote. Hilo ndilo lililoniuma.

Watu wa ngoma wamekuja kuniuliza kama wamtafute Mwinga wa Kinondo apige mahali pake. Nikawaambia, kwani Chirau amekufa?

Bimkubwa


Tanga,
18 Julai, 1963

Dada yangu,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, dereva ananingoja nje na ameshapiga honi mara mbili. Sote wazima. Nimefurahi kwa habari za Mwanarusi.

Kuhusu kidole sina la kukufundisha. Wewe ndiye mkubwa, na wewe ndiye uliye pale. Nimekumbuka tu jambo moja la zamani, lilinijia nikiosha vyombo.

Unakumbuka siku za ngoma, Mama alivyokuwa akilipandisha sinia la uraibu, na tambuu na tumbaku zake, darini tangu asubuhi? Sisi tulidhani anatuficha sisi. Siku moja wewe ulikuwa umekwenda kisimani, nikamuuliza Baba kwa nini. Alikuwa ametoka kutafuna. Akanipa mkono wake nishike. "Nina tumbaku mdomoni," akasema, "sikia vidole." Vilikuwa vya baridi, Dada, na ncha zake nyeupe, jua linawaka nje. Akasema tumbaku ni moja, uivute au uitafune, inaifukuza damu kwenye ncha za vidole, na nzumari haipigwi na vidole vilivyolala. Ndiyo maana siku ya ngoma hakuigusa mpaka watu wametawanyika. Ikiisha ngoma, Mama alilishusha sinia, akamfungia tambuu moja kubwa, akamtilia mdomoni mwenyewe. Nilikuwa nikiona haya, naangalia pembeni.

Ni kumbukumbu tu. Sijui kwa nini nimekuandikia.

Hiyo honi tena. Niandikie habari za Jumatatu.

Tumu


Tanga,
29 Julai, 1963

Dada,

Shikamoo. Basi limekuja mara nne na dereva ananitikisia kichwa. Jumatatu imepita, na nyingine leo inapita. Abdurahman asema kimya cha Bimkubwa hakijawahi kutokea tangu amjue, na mimi sicheki.

Ikiwa wamekikata, niambie wamekikata. Nitakuja.

Ikiwa umenikasirikia, nikasirikie kwa barua.

Tumu


Msambweni,
6 Agosti, 1963

Kwa mdogo wangu mpenzi Tumu,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima sote. Tumerudi nyumbani, Chirau na kidole chake. Ndiyo, nimesema na kidole chake. Mwanarusi anakuamkia, kuku wametaga, mvua ndogo imetuachia mihogo mizuri. Pole kwa kungoja. Nilikuwa na shughuli.

Barua yako ya tarehe 18 niliipata Jumamosi. Niliisomea kwenye benchi nje ya wodi, mfuko wangu uko mapajani, saa ya kuingia haijafika. Nikaisoma tena. Kisha nikanyanyuka nikaenda mpaka ukingoni kwa maji, nikasimama kidogo, nikarudi. Nilipoingia wodini mkononi nilikuwa na wali tu.

Chirau akala. Akamaliza. Akaniangalia.

"Mama, tambuu?"

"Mtambuu umeliwa na mbuzi wa jirani."

"Wote?"

"Wote."

"Na tumbaku je? Mbuzi ameila pia?"

"Mbuzi wa siku hizi hawana adabu, mwanangu. Lala."

Akalala. Mimi nikakaa pale nakitazama kile kidole, Tumu, kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Jioni hiyo kilififia, lakini hakikufika kuwa chaki. Jumapili jioni kikabaki na rangi yake. Jumatatu daktari akaja na vyombo vyake vimefunikwa kitambaa, na mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Akakibonyeza pale palipokuwa na ukucha. Pakawa peupe. Akaachia. Nyekundu ikarudi. Akabonyeza tena, ikarudi tena. Akamwita Kadzo, "Njoo uone." Kadzo naye akabonyeza. Nikawaambia basi, kidole cha watu si kengele.

Daktari akaniuliza, "Mama, mmefanya nini?"

Nikamwambia tumeomba dua. Na kweli tuliomba.

Kipande kidogo pale mwisho kabisa kilikauka kikawa cheusi, kikabanduka chenyewe, kwa hiyo kidole kimekuwa kifupi kidogo kuliko mwenzake. Kilichobaki ni chekundu na ni chake. Daktari amempa masharti: asikiloweshe maji baridi, asikigonge, akivike soksi ya mtoto wakati wa baridi. Nimemfumia mwenyewe, ya kijani. Msambweni yote inazungumza habari ya soksi hiyo.

Mambo ya mtambuu tusiyarudie, yamepita. Nitapanda mwingine.

Nilikuwa sijui kama Mama alikuwa akimtilia mdomoni. Miaka yote hii, wewe ulikuwa na hilo na mimi sina. Kama una mengine, usikae nayo huko Tanga. Niandikie.

Dada yako,
Bimkubwa


Tanga,
22 Septemba, 1963

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimechelewa, tulikuwa na homa nyumba nzima, sasa tumepona, alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Abdurahman ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu, nikamwambia kuna mbuzi mmoja huko Msambweni.

Pole na mtambuu. Sitaurudia.

Umeniuliza mengine. Ninayo haya. Baba hakuwa akianza na ule wimbo wa kumtoa bibi harusi moja kwa moja. Alikuwa akipiga kwanza kitu kifupi, chini, kama mtu anayebisha hodi, kisha ananyamaza kidogo mpaka wanawake ndani waache kelele. Hapo ndipo anaanza. Mimi nilikuwa nikiufuata kwa kuuvumisha puani, na mpaka leo nikipepeta mchele ndio unaonitoka. Watoto wangu wanadhani ni wimbo wa mchele.

Je, Chirau ameijaribu nzumari? Hukuniambia. Umeniambia mpaka rangi ya soksi, hilo hukuniambia.

Tumu


Msambweni,
2 Disemba, 1963

Kwa mdogo wangu Tumu,

Marahaba. Mmeamkaje huko? Sisi huku ni pilikapilika. Baada ya siku kumi tu tutapandisha bendera, nyinyi wa Tanganyika mmeshaizoea yenu na mnatuona washamba. Kwale wanajenga majukwaa, kila mtu anashona kanzu. Funzi wameleta posa rasmi na nimewakubalia.

Hukukosea. Sikukwambia kwa sababu sikuwa na la kujisifia, na mimi sijui kuandika barua ya namna nyingine.

Aliijaribu Agosti hiyo hiyo, nyuma ya nyumba, akidhani niko sokoni. Kumbe niko jikoni. Pumzi ikavuja kwenye tundu la juu, ikatoka sauti kama ya bata anayekanyagwa. Ile ncha haina hisia, Tumu, hajui kama amefunika au hajafunika. Akajaribu, akajaribu, kisha akaifunga kwenye kitambaa akaitundika. Septemba yote ilikaa pale ukutani. Nilikuwa nikiipita nikiangalia chini. Watu wa ngoma walimchukua Mwinga, na usiku wa Uhuru kule Kwale ndiye atakayepiga. Nimesema ni vizuri. Nimelisema hilo kwa mdomo wangu mimi Bimkubwa, na meno yote yaliniuma.

Kisha ikaja barua yako. Nilimsomea Chirau ile habari ya hodi, yale ya chini kabla ya wimbo. Kesho yake nzumari haikuwa ukutani. Alianza kukilaza kidole, hafuniki tena kwa ncha, anafunika kwa nyama ya katikati, ile ambayo msumeno haukuigusa. Kiganja kimekaa vingine, kiwiko kimetoka nje kama mtu aliyebeba kuku. Mara ya kwanza niliona aibu kumtazama. Oktoba yote majirani walituvumilia. Novemba wakaanza kukaa barazani kwao kusikiliza, nami nikatoa kiti changu nikakaa nao, nikawaambia mnamsikia lakini hamjasikia kitu bado. Ncha inaanza kuchomachoma, daktari alisema hiyo ni dalili njema, na ukucha umeota, umepinda, mgumu kama wa kobe. Ndio ukucha mzuri kuliko wote pwani hii.

Ila liko jambo moja. Ule wimbo wa kumtoa bibi harusi hana. Baba alikufa kabla ya kumfundisha, na mimi unanijua, Mungu amenipa kila kitu isipokuwa sikio. Nilimwimbia, akaniomba kwa adabu ninyamaze. Akaniambia, "Mama, harusi ya Mwanarusi nitapiga mimi, si Mwinga. Lakini sitaanza mpaka mama mdogo awe amekaa mbele yangu. Siku mbili kabla yake anivumishie, nami nimfuate."

Kwa hiyo hii si kadi ya mwaliko, wewe si mgeni. Hujatia mguu huku tangu tulipomzika Baba, sikuulizi kwa nini. Chukua watoto wote, na huyo wa jino pia. Mwambie Abdurahman aombe ruhusa bandarini, na wakimnyima mwache. Basi la Jumanne linalala Lunga Lunga, Jumatano mko kwangu. Kutoka Kinondo wanakuja wote walio hai. Kutoka Diani wanakuja hata wale niliowafukuza hospitalini, nimewaomba radhi kwa nazi. Kadzo ameomba zamu yake ibadilishwe.

Harusi ni Ijumaa, tarehe 27 Disemba, wakitoka msikitini. Chirau atakuwa amesimama mlangoni, nzumari mkononi, ananyamaza, anakungoja wewe.

Dada yako,
Bimkubwa